Vipande vya fundi, shuka za mtumba au roli ya kiwandani: kipi kitashika rangi ya mimea?

Anayeanza kushona mifuko, foronya au vitambaa vya meza kutokana na mabaki ya nguo hapa Kisumu huuliza kwanza kuhusu rangi. Nitumie maganda ya vitunguu au mbegu za avokado? Swali hilo huja mapema mno. Rangi ya mimea haishiki kila kitambaa, na mabaki tunayoyapata magharibi mwa Kenya si ya aina moja. Kitambaa ulichonacho mkononi ndicho kitakachoamua utumie rangi gani, na mara nyingine kitakuambia usiwashe jiko kabisa. Kwa hiyo nitaanza na vitambaa, rangi zitafuata.

Lakini kabla ya kulinganisha lolote, choma uzi. Chomoa nyuzi chache pembeni mwa kitambaa, zisokote pamoja, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani, kisha zitie kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini la kijivu; ukilipuliza linapeperuka. Poliesta hujikunja kama inayokimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kitone kigumu kisichosagika kwa vidole. Ukipata jivu ambalo ndani yake mna vipunje vigumu, huo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Jaribio hili ni la dakika moja na linashinda maneno ya muuzaji yeyote, hata yule anayekuapia kuwa ni "kotoni tupu".

Sababu ya kuchoma ni hii: poliesta haipokei rangi ya mimea. Ichemshe kutwa, isuuze, utaona rangi yote inakwenda na maji. Viwandani hutiwa rangi za aina nyingine kabisa, kwa joto linalozidi la maji yanayochemka jikoni kwako. Mchanganyiko nao hushika kwa kadiri ya pamba iliyomo, basi utapata rangi iliyopauka, kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima.

Vitambaa vitatu

Vipande vya fundi cherehani ndivyo rahisi kuvipata. Kondele, Nyalenda, mtaa wowote wenye vibanda vya ushonaji una gunia la mabaki chini ya meza, na fundi wengi hukupa bure au kwa pesa kidogo ukiwapunguzia kazi ya kutupa. Msimu wa Desemba na Januari, sare za shule zinaposhonwa kwa wingi, magunia hujaa. Tatizo ni kwamba vitambaa vingi vya sare ni mchanganyiko wenye poliesta nyingi, kwa sababu mzazi anataka nguo isiyojikunja na isiyochujuka. Sifa hizohizo ndizo zinazokukwamisha wewe. Vipande vya kitenge navyo vina maua na rangi zake tayari. Ukivitia kwenye maji ya vitunguu unafunika kilicho kizuri kwa kitu kisichokizidi.

Ushauri wangu juu ya vipande vya fundi ni mfupi: usivitie rangi. Vipange kwa rangi vilizonazo, buluu ya sare na buluu, maruni na maruni, uviunge viraka. Hiyo ni kazi ya jicho na mkasi, haihitaji kuni wala maji.

Mtumba ni habari nyingine. Anayejua soko la Kibuye siku ya Jumapili anajua kwamba beli ikifunguliwa nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, hunyakuliwa kwanza, bei inashuka jinsi siku inavyosonga, na mwisho hubaki fagia: zilizopasuka, zenye madoa, zilizokosa vifungo. Kwa fundi wa nguo fagia ni hasara. Kwa mtu wa rangi za mimea ndiyo hazina, hasa upande wa shuka za kitanda. Shuka moja ya pamba ina kitambaa kipana kuliko mashati kadhaa, haina mishono ya kufumua, na imefuliwa mara nyingi sana huko ilikotoka hivi kwamba wanga na dawa za kiwandani zimekwisha kutoka. Pamba iliyochakaa kidogo hunywa rangi vizuri. Doa la chai au tundu dogo halikusumbui, unalikata.

Tafuta lebo pindoni. Ikiwa imekatwa, choma uzi. Shuka nyingi za hotelini ni mchanganyiko, zile zinazoteleza na kurudi bapa ukizikunja kiganjani. Ya pamba tupu ukiikunja inabaki na makunyanzi. Mashati ya wanaume ya pamba pia yanafaa, ila jihadhari na jambo moja dogo: uzi wa kushonea kwa kawaida ni wa poliesta. Utalitoa shati kwenye sufuria likiwa limeiva rangi ya dhahabu, na mishono yote imebaki myeupe pe, kola, mikono na mfuko, kama mchoro wa chaki. Wapo wanaoipenda sura hiyo na kuiuza kama mtindo. Usipoipenda, fumua kwanza.

Fulana za pamba hushika rangi ila hunyumbuka, si nzuri kwa mfuko. Zikate mikanda mirefu uzifume zulia.

Chaguo la tatu ni mabaki ya viwandani: ncha za roli, kitambaa chenye kasoro ya ufumaji. Kisumu tulikuwa na kiwanda chetu, KICOMI, kilichofungwa miaka ya 1990, na tangu hapo pamba ya mjini huingia zaidi kwa njia ya beli. Jirani yetu mkubwa sasa ni Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, ikaanguka, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007. Faida ya kitambaa cha roli ni kwamba chote ni sawa. Ukipata mita thelathini za amerikani, ile pamba isiyong'arishwa, mfuko wa kwanza na wa hamsini zitafanana. Hasara yake ni kwamba huipati kwa kubahatisha sokoni; lazima ufanye mapatano na kiwanda au duka la jumla, ulipe kwa mkupuo, na ugharimie usafiri. Tena amerikani mpya ina wanga wa ufumaji na nta asilia ya pamba, basi kuiandaa ni kazi kubwa kuliko shuka ya mtumba.

Kwa anayeanza bila mtaji, shuka za fagia. Sioni sababu ya kuzunguka hapo.

Maandalizi, kwa ufupi

Pamba lazima ioshwe kwa kuchemshwa na magadi soda ya kufulia (soda ash), gramu 20 hivi kwa kila kilo ya kitambaa kikavu, kwa saa nzima. Magadi ya kulainisha mrenda hufanya kazi pia, ila ni hafifu zaidi. Usishangae maji yakiwa ya manjano chafu. Hiyo ni nta na jasho la wenye shuka.

Kisha kuna shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, ndilo linaloshikanisha rangi na uzi. Gramu 150 hadi 200 kwa kilo ya kitambaa, iliyoyeyushwa kwenye maji moto. Pamba, tofauti na sufu, haiipendi sana shabu, kwa hiyo huanzishwa na tanini, ule ukali unaokausha ulimi katika chai ya rangi au pera bichi. Loweka kitambaa kwenye maji ya tanini kwanza, halafu shabu, halafu rangi. Anayeiruka hatua ya tanini huona matokeo baada ya kufua mara mbili tatu.

Sufuria ya kazi hii isirudi tena jikoni. Ya stili ndiyo bora. Ya chuma huchafua kila rangi ikawa ya kijivu.

Rangi nne, na moja ya kuachana nayo

Maganda ya vitunguu yako kila soko, na mama mboga atakushukuru ukimfagilia kibanda. Yanahitaji uzito ulio sawa na wa kitambaa, au angalau nusu yake, na maganda ni mepesi mno: kilo moja ni gunia zima. Vitunguu vyetu vingi ni vyekundu, basi maji yatakuwa mekundu kama divai. Usidanganyike. Kitambaa chenye shabu kitatoka na njano iliyokomaa inayoelekea ukahawia, mara nyingine ukijani. Hushika upesi, ndani ya saa moja, na huvumilia kufuliwa. Jua huipunguza polepole. Inafaa foronya na vitambaa vya meza, si pazia la dirisha la magharibi.

Uzuri wa vitunguu ni kubadilika kwake. Weka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki mbili, chuja, tia vijiko vichache vya maji hayo kwenye beseni la maji. Tumbukiza kitambaa cha njano. Kabla hujahesabu hadi ishirini kitageuka kijani cha zeituni mbele ya macho yako, kuanzia pindo lililogusa maji kwanza. Kitoe mapema, chuma kikizidi hudhoofisha pamba, na shuka ya mtumba tayari ina umri wake.

Mbegu na maganda ya avokado hutoa rangi ya waridi iliyotulia, na watu wengi hawaamini inatoka wapi. Msimu avokado za Kisii na Nyamira zinapofurika sokoni, wauza matunda na vibanda vya chakula hujaza ndoo za mbegu. Mbegu zenyewe zina tanini, kwa hiyo unaweza kutumia bila shabu na bado ikashika, jambo linalokuokolea gharama. Lakini inataka subira. Moto mdogo, usichemke kwa nguvu, saa kadhaa, kisha uache usiku kucha. Ukiharakisha kwa moto mkali waridi hugeuka kahawia la udongo. Chembe ya magadi huizidishia wekundu. Kila ndoo hutoa waridi lake. Usimwahidi mteja kwamba atapata kama la jirani yake.

Gome la muwati ndilo ninalolitetea kuliko yote, ingawa halina mvuto wa jina. Mti wenyewe ulitoka Australia, ukapandwa nyanda za juu za Kenya tangu mapema karne ya 20 kwa ajili ya gome la kulainisha ngozi, na leo wengi huukata kwa kuni na makaa. Kuanzia Vihiga na Kisii hadi Kericho na Njoro utakuta wapasuaji wanaobandua gome na kuliacha chini. Theluthi ya uzito wa gome kavu, au zaidi, ni tanini. Maana yake ni kwamba muwati ni rangi na ni maandalizi kwa wakati mmoja: hutoa kahawia la hudhurungi lenye wekundu, na kitambaa hichohicho kiko tayari kupokea shabu kisha vitunguu juu yake. Kikiingia kwenye maji ya misumari, hugeuka kijivu cha mawingu ya mvua, na ukirudia, karibu na weusi. Jua halikififishi, mara nyingi hukikoleza. Chukua gome la mti uliokwisha kukatwa tu. Kubandua gome la mti uliosimama ni kuuua, na hapo neno la kutunza mazingira halikufai tena.

Nili, yaani indigo, ni ya wenye moyo. Ndiyo buluu pekee ya mimea inayodumu, na haihitaji shabu wala kuchemsha, lakini unga wake kwa kawaida ni wa kuagiza, na haiyeyuki katika maji peke yake. Huandaliwa kwa chokaa na kitu cha kuiondolea oksijeni: sehemu 1 ya unga wa nili, 2 za chokaa, 3 za sukari ya matunda, na wapo wanaotumia mchuzi wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Maji yakiwa tayari yana rangi ya manjano-kijani na povu la shaba juu. Kitambaa hutoka ndani kikiwa kijani, na hewa ikikigusa kinageuka buluu hapohapo mkononi. Ukitaka buluu nzito, chovya tena na tena. Kukiacha ndani muda mrefu hakusaidii.

Ni jambo la kufurahisha kulitazama. Hata hivyo, kwa biashara ndogo ya Kisumu, ningesema buluu tunayo tayari. BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na jinzi zinazotua sokoni ndani ya beli zimetiwa nili ya namna hiyo. Kata jinzi za fagia zilizochanika magotini, tumia miguu yake kwa kitako na mikanda ya mfuko. Umepata buluu ya kila kivuli, kitambaa kigumu, na hukuchemsha hata tone.

Ya kuachana nayo ni manjano, ile bizari ya manjano. Inang'aa, haihitaji shabu, inapiga picha vizuri. Ianike juani wiki moja uone. Jua huila. Ukikuta mtu anauza kitambaa cha manjano kikali na kusema kitadumu, mwulize ametumia nini. Bitiruti nayo iko kundi hilohilo.

Mimea au rangi ya dukani?

Swali hili linastahili jibu la haki. Akina mama wa batiki hutumia rangi ya unga, kostik soda na haidrosi, kemikali mbili za kuyeyusha rangi hiyo, na kwa muda mfupi wana vitambaa vinavyowaka kwa rangi, tena vya kudumu. Kostik huunguza ngozi, lazima glavu, na maji yake yakimwagwa mtaroni safari yake ni ziwani. Hapo mimea inashinda.

Lakini mimea nayo ina deni lake. Kilo moja ya kitambaa inataka lita 20 hadi 30 za maji kila hatua, yaani mtungi mmoja na zaidi. Kuosha, tanini, shabu, rangi, kusuuza: hiyo ni mitungi mitano hadi saba hivi ya kununua kwa kilo moja tu, na moto chini ya karibu yote. Ukitumia makaa ya kununua, unachoma msitu ili kupaka rangi ya msituni. Punguza deni hilo kwa kupanga kazi. Maji ya shabu hutumika tena ukiongeza shabu kidogo. Maji ya vitunguu yaliyokwisha kutoa rangi kuu hutoa nyingine nyepesi bila kuchemsha maganda mapya. Muwati na avokado ukiloweka siku tatu katika pipa jeusi lililo juani, jua la Kisumu litafanya nusu ya kazi ya jiko. Mabaki ya maganda yaende kwenye mboji. Maji ya shabu yamwage kwenye udongo mbali na kisima, wala usiyamwagilie mboga.

Na mteja akitaka vitambaa arobaini vya kwaya, vyote kijani kimoja, mwelekeze kwa watu wa batiki. Rangi ya mimea haitoi ahadi hiyo, labda uwe na roli moja, pipa moja na mkono mzoefu.

Nani achague nini

Mwenye cherehani moja, hana nafasi ya jiko: vipande vya fundi na jinzi, viraka, hakuna rangi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mfuko wa kitambaa una soko la kila siku, na mnunuzi wa soko la Jubilee anaangalia mkanda usikatike, haulizi kama ni pamba.

Kikundi cha watu watano sita wenye ua na pipa: shuka za fagia, muwati kama msingi, vitunguu juu, misumari kwa vivuli. Kwa vitu hivyo vitatu mna hudhurungi, dhahabu, zeituni, kijivu na karibu nyeusi, rangi zinazokaa pamoja bila kugombana. Ongezeni avokado msimu ukifika na mziuze ghali kidogo, kwa kuwa zimekula muda. Pimeni kila kitu kwa mizani ya jikoni na muandike, maana bila daftari hamtarudia rangi ileile.

Mwenye oda za hoteli au duka la watalii: roli, hata kama ni ghali, na muwati. Mteja wa namna hiyo hurudi mwaka unaofuata akitaka kilekile. Ambatisha karatasi ndogo yenye maagizo: maji baridi, sabuni isiyo kali, kuanika kivulini, hakuna dawa ya madoa yenye klorini.

Na walioko upande wa Molo na Njoro, mlio karibu na kondoo, mna bahati kuliko sisi wa ziwani. Sufu hushika rangi za mimea kuliko pamba, haihitaji kuanzishwa na tanini, shabu peke yake yatosha, na majani ya mkaratusi ambayo kwenye pamba hutoa rangi hafifu huweza kutoa rangi ya chungwa iliyokolea kwenye sufu. Ila magadi msiyatie, huila sufu. Pandisheni joto polepole, lishuke polepole, na msiikoroge, la sivyo mtatoa zulia lililoshikana kwenye sufuria.